Soko liliungua jirani na Zimamoto

Usiku wa Jumamosi, Julai 10, 2021, Soko Kuu la Kariakoo lilishika moto. Kutoka sokoni hapo hadi kituo cha zimamoto cha Ilala, kile kilichopo Barabara ya Morogoro ambacho kimekipa jina hata kituo cha mwendokasi cha Fire, ni umbali ambao wabeba mizigo huutembea kwa miguu mara kadhaa kwa siku. Kama kuna jengo la biashara nchini lililokuwa na haki ya kutumaini kuokolewa, ni lile. Liliungua usiku kucha.

Jengo lenyewe ni kazi ya msanifu Beda Amuli na lilifunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1975. Paa lake la miavuli ya zege lilichorwa hivyo ili, pamoja na kutoa kivuli na kupitisha hewa, likinge maji ya mvua na kuyashusha hadi kwenye hifadhi ya maji chini ya ardhi. Yaani soko lililobuniwa likusanye maji ndilo lililoteketea katikati ya mji wa pwani. Kulikarabati na kujenga jengo jipya pembeni yake kumeligharimu taifa zaidi ya Sh bilioni 28, bila kuhesabu mitaji ya wafanyabiashara ambayo haikuwa na bima. Miezi sita baadaye, alfajiri ya Jumapili, Januari 16, 2022, likafuata Soko la Karume, nalo liko Ilala hapo hapo, nalo halikuwa mbali na zimamoto.

Tunayarudia haya kwa sababu mjadala wa moto nchini umekwama mahali pamoja. Kila jengo linapoungua, wananchi wanasema magari hayatoshi, wabunge wanasema magari hayatoshi, waziri anakubali kwamba magari hayatoshi, na baada ya muda inafanyika sherehe ya kukabidhi mengine, mekundu, yanayong'aa, yamepangwa mstari mmoja mbele ya hema la wageni waalikwa. Ni kweli hayatoshi. Mkoa wa Dar es Salaam, wenye watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022, unahitaji vituo na magari mengi kuliko yaliyopo, na gazeti hili halitampinga yeyote anayeomba fedha za kununua. Lakini Kariakoo inatuambia jambo jingine kabisa. Pale umbali haukuwa tatizo. Moto ulishinda kwa sababu ya mambo yaliyokuwa yamefanyika, au kuachwa bila kufanyika, miaka mingi kabla ya mtu kupiga 114, namba ya zimamoto. Mambo hayo bado yapo, na ndiyo maana tunapiga mbiu.

Tuanze na lawama inayopendwa zaidi mjini: zimamoto wamekuja bila maji.

Gari la kawaida la kuzima moto mjini hubeba lita elfu tatu hadi saba. Tuchukue lita 5,000. Mpira mmoja wa kushambulia moto wa jengo hutoa lita 400 hadi 500 kwa dakika. Askari wakifungua mipira miwili, dakika tano na ushei tangi limekauka. Hapo hakuna aliyezembea, wala hakuna aliyeuza maji njiani. Dakika ya sita, mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara anaona askari ameshika mpira unaodondosha matone. Anatoa simu, anarekodi, na kabla ya saa moja kupita nchi nzima imeshajua kwamba wamekuja bila maji. Kuna askari waliowahi kupigwa mawe kwa hesabu hiyo ambayo hakuna aliyewaeleza wananchi.

Tangi la gari halikutengenezwa lizime soko. Kazi yake ni kuanza, kununua zile dakika tano ambazo mwenzake anazitumia kukimbia na mpira hadi kwenye haidranti, ile koki nene ya maji inayosimama pembeni mwa barabara, na kuunga gari na bomba la mji. Ikishaungwa, maji hayakatiki. Pasipo haidranti, gari linageuka kuwa boza: linakwenda, linajaza, linarudi kwenye foleni ya Msimbazi, na moto hauna desturi ya kusubiri. Unaweza kuleta magari 20 mapya Kariakoo na yote yakageuka maboza ndani ya robo saa.

Sasa tuulize haidranti ni ya nani. Mabomba ni ya DAWASA. Barabara zilizo juu ya mabomba ni za TARURA na TANROADS. Kibali cha kujenga ghorofa nane mahali palipokuwa na nyumba ya Waswahili ya vyumba sita kimetolewa na halmashauri. Kibanda kilichokaa juu ya mfuniko wa koki kina risiti ya ushuru. Barabara ikipanuliwa, haidranti inazikwa chini ya lami au inabaki ndani ya uzio wa mtu. Anayelaumiwa ni zimamoto. Mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua maji na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgawo, ratiba za mgawo zilitolewa kwa wananchi ili wajue siku ya kujaza ndoo. Tungependa kujua kama kuna aliyekaa na ratiba hizo pamoja na afisa wa zamu wa zimamoto akamwambia: leo usihangaike na koki za Magomeni, kavute Upanga.

Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya 2007 ndiyo iliyoiondoa huduma hii kwenye halmashauri na kuiweka chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Ilikuwa na sababu nzuri. Halmashauri nyingi zilikuwa zikiiona zimamoto kama idara ya mwisho kwenye foleni ya fedha, nyuma ya dampo. Jeshi moja lingekuwa na mafunzo ya aina moja, na leo lina chuo chake Chogo, Handeni. Lakini sheria hiyo pia iliwatenganisha wanaojenga mji na wanaouzima. Mhandisi wa manispaa anayeruhusu duka liongezwe kwenye kichochoro hatakuwepo usiku askari wanapokwama kwenye kichochoro hicho. Ushirikiano kati yao kwenye karatasi upo, na vikao havikosi chai. Kinachokosekana ni mtu mmoja anayeweza kusimama Mtaa wa Kongo akasema kibanda hiki kinaondoka leo, akasikilizwa.

Tuje kwenye magari yenyewe, maana hapa ndipo penye siri ambayo sherehe za kukabidhi haziigusi.

Gari la zimamoto halichakai kama magari mengine ya serikali. Gari la mkurugenzi linahesabiwa kilomita: elfu tano zikifika, linakwenda kumwagwa oili. Gari la zimamoto linaweza kukaa mwezi mzima kilomita zake hazijafika 300, ukiangalia dashibodi ukadhani limepumzika. Kumbe katika mwezi huo limesimama kwenye matukio manne, injini ikinguruma kwa saa tano mfululizo, haitembei popote, inazungusha pampu kwa nguvu zake zote, joto la moto upande mmoja na jua upande mwingine. Fundi anayefuata kilomita atakwambia sevisi bado. Injini itakwambia vingine, na itakwambia katikati ya tukio. Ndiyo maana magari haya yana mita ya saa za injini na za pampu, na ndiyo inayopaswa kusomwa.

Tairi nalo lina kisa chake. Gari hili linalala na tani zake za maji mgongoni usiku na mchana, mwaka baada ya mwaka, kwenye sakafu ileile. Kashata za tairi zinabaki mpya kabisa, ila mpira wenyewe umekauka na kupasuka ubavuni. Viwango vya NFPA vya Marekani vinataka tairi la gari la zimamoto litupwe likifikisha miaka saba hata kama kashata zimejaa, na pampu ipimwe kila mwaka kuona kama bado inatoa kiasi cha maji ilichozaliwa nacho. Sisi tuna desturi ya kukagua tairi kwa kulitazama kwa macho na kulipiga teke.

Pampu ndiyo moyo wa gari na ndiyo inayoteswa kuliko kitu kingine chochote. Ikivuta maji ya bwawa au ya mtaro, inakunywa mchanga unaosaga mapanga yake. Ikivuta maji ya bahari, jambo ambalo kwa mji kama Dar es Salaam lina maana kabisa pale bandarini au Feri, lazima isuuzwe kwa maji baridi mara tu kazi inapokwisha, la sivyo chumvi inaanza kula vali usiku huohuo. Kazi hiyo ya kusuuza haina kamera wala mgeni rasmi. Inafanywa na askari aliyekesha, saa kumi na mbili asubuhi, akiwa hajanywa chai. Kituo ambacho zamu inayoingia inaikagua zamu inayotoka, kwa maana ya kuwasha pampu kweli, kumwaga maji kweli, kupiga king'ora, kuangalia betri, kufungua kila kabati na kuhesabu, ndicho kituo ambacho gari lake litawaka usiku. Kituo ambacho daftari la zamu linajazwa kwa kunakili ya jana kina mapambo mekundu ya kuegesha.

Yapo mengine madogo yanayozima huduma nzima. Mitungi ya hewa ambayo askari huibeba mgongoni ili aweze kuingia kwenye moshi humpa nusu saa au zaidi kidogo, na akifanya kazi nzito inaisha mapema. Baada ya hapo inajazwa kwa kompresa maalumu. Kompresa ikifa kwa kukosa kipuri cha bei ya simu janja, kituo kizima kinabaki na askari wanaozima moto kutokea dirishani. Au maungio ya mipira. Tumerithi ya Kiingereza ya kubana kwa klipu, magari ya Wajerumani yanakuja na ya Storz, ya Wajapani yana ya kwao. Dar es Salaam ina udugu na Hamburg tangu 2010, na marafiki wa namna hiyo wanasaidia kwa moyo mweupe. Hakuna ubaya kupokea. Ubaya ni kupokea bila kuuliza swali la kwanza ambalo fundi yeyote angeuliza: mpira huu unaingia kwenye koki ya hapa? Adapta ni kipande cha chuma kinachotosha kiganjani, na kikikosekana gari zima halina kazi.

Magari ya serikali hutengenezwa kwenye karakana za TEMESA, wakala wa serikali, au kwa idhini yake. Kwa gari la kawaida, utaratibu huo una mantiki yake ya kudhibiti matumizi. Tatizo la taasisi za umma kudaiwa na TEMESA, na TEMESA nayo kudaiwa na wauza vipuri, limekwisha kusemwa hadharani na viongozi mara nyingi kiasi kwamba halihitaji mpelelezi. Lakini gari la afisa elimu likisubiri kipuri wiki tatu, afisa elimu atapanda bodaboda. Gari la zimamoto likisubiri kipuri wiki tatu, kata nzima haina zimamoto kwa wiki tatu na haijaambiwa. Gazeti hili linaona hakuna sababu ya gari la ofisi na gari la dharura kupanga foleni moja. Zimamoto wawe na karakana yao Dar es Salaam, wawe na mafundi wa pampu waliosomea pampu, na kila mkataba wa kununua gari ubebe ndani yake vipuri na mafunzo ya fundi kwa miaka kumi ijayo. Muuzaji asiyekubali masharti hayo akauze matrekta.

Mpaka hapa tumezungumzia kuzima. Ila ukweli mchungu ni kwamba mioto iliyoua watoto wetu isingezimwa na gari lolote duniani. Shauritanga, Rombo, Juni 1994, wasichana zaidi ya 40. Idodi, Iringa, 2009, wasichana 12. Shule ya Kiislamu ya Ilala, Julai 2020, watoto watatu, na hapo tuko tena Dar es Salaam, si kijijini. Byamungu, Kyerwa, Septemba mwaka huohuo, watoto kumi. Bweni lililojaa magodoro ya sponji hugeuka tanuri kwa dakika chache. Kinachoamua nani anatoka hai ni mlango wa pili, upande unaofungukia, nani ana ufunguo, na kama dirisha lina nondo zilizochomelewa moja kwa moja ukutani. Hayo yote yanaonekana mchana kweupe, kwa mtu yeyote anayepita akiwa na akili timamu na mamlaka ya kufunga bweni.

Mamlaka hayo tunayo. Sheria na kanuni zake zinampa askari wa zimamoto nguvu ya kukagua majengo na kutoa cheti kila mwaka, kwa tozo inayolipwa na mwenye jengo. Na hapa ndipo gazeti hili linapoona ugonjwa mkubwa kuliko uchache wa magari. Ukaguzi umekuwa ukionekana na wafanyabiashara kama kodi nyingine, yenye sare tofauti. Wenye magari wanaikumbuka stika ya zimamoto: ulikuwa unalipia, unabandika kwenye kioo, na hakuna aliyeutoa mtungi chini ya kiti akauliza kama una gesi. Mfanyabiashara wa Kariakoo naye anajua cheti chake kinaisha lini. Muulize mlango wake wa dharura uko wapi.

Ukaguzi wa kweli wa jengo moja la Kariakoo ni kazi ya nusu siku, na unachafua nguo. Mkaguzi anapanda ngazi akikanyaga marobota ya mitumba, kwa sababu ngazi ya pili imegeuzwa stoo na stoo yenyewe imepangishwa. Ghorofa ya nne anakuta mlango wa dharura una kufuli, na ufunguo uko kwa mlinzi ambaye ameenda kuswali. Mtungi wa kuzimia moto upo, umefichwa nyuma ya sanamu za kuvalishia nguo, mshale wa geji umelala kwenye nyekundu. Kwenye bodi ya umeme, fyuzi iliyokuwa inakatika kila siku imepatiwa ufumbuzi na kishoka: waya mnene usiokatika kamwe. Kutoka hapo zimevutwa nyaya hadi vibanda vya chini, kila kibanda kimeunga kwa mwenzake, na usiku wanapofunga hakuna swichi moja inayozima vyote. Mkaguzi aliyeona hayo ana mambo mawili ya kufanya. Ama atoe notisi, arudi baada ya siku 14, na asipokuta mabadiliko afunge jengo, simu zianze kupigwa kutoka ngazi zote. Ama aandike hati ya malipo. Mkubwa wake akiwa anampima kwa makusanyo, tunajua atafanya lipi, na hatumlaumu sana yeye.

Tozo na ukaguzi vitenganishwe. Anayepokea fedha asiwe anayekagua, na anayekagua apimwe kwa majengo aliyoyafungua milango, siyo kwa risiti. Matokeo ya ukaguzi yabandikwe mlangoni mwa jengo kwa maandishi makubwa, Kiswahili kinachosomeka, ili mama anayeingia na mtoto kununua viatu vya shule aamue mwenyewe. Hatua hiyo haihitaji mkopo kutoka nje. Inahitaji karatasi na gundi, na ujasiri wa kuwaudhi wenye majengo ambao, tuseme wazi, si watu wa kuudhiwa kirahisi.

Wapo watakaotujibu kwamba tunadharau vifaa, kwamba miji iliyoendelea imeushinda moto kwa sababu ya vifaa. London ina vituo vya zimamoto zaidi ya 100. Juni 14, 2017, jokofu lilishika moto ghorofa ya nne ya jengo la Grenfell, na gari la kwanza lilifika ndani ya dakika chache baada ya simu kupigwa. Yakafuata mengine makumi. Watu 72 walikufa, kwa sababu jengo lenye ghorofa 24 lilikuwa limevalishwa nje mabamba ya alumini yenye plastiki katikati, na moto ukapanda ukutani kwa kasi kuliko askari walivyoweza kupanda ngazi. Sasa tembea Samora, tembea Bagamoyo Road, uangalie majengo mangapi yamevalishwa mabamba ambayo mafundi wetu wanayaita alukobondi. Aina zake ni nyingi, zipo zenye kiini kisichoungua na zipo zenye plastiki tupu, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Je, kuna orodha ya ni jengo gani limevaa nini? Wanaotoa vibali vya ujenzi walijibu swali hilo kabla mtu hajawauliza mahakamani.

Ngazi ndefu za magari ya zimamoto, nyingi duniani zinafika mita 30 hivi, sawa na ghorofa ya kumi. Minara ya PSPF pale Sokoine ina ghorofa 35. Juu ya ghorofa ya kumi hakuna anayekuja na ngazi; jengo linajizima lenyewe kwa mabomba ya ndani, kwa vinyunyizio vya darini, kwa pampu inayowaka hata TANESCO wakikata, na kwa ngazi zisizoingia moshi. Au halijizimi. Kwa majengo marefu, swali la maana ni lini pampu ya jengo iliwashwa mara ya mwisho, na nani aliona maji yakitoka ghorofa ya juu kabisa.

Hatari mpya nayo inaingia jikoni kwetu, na tunaisema tukiwa tunaunga mkono sera yenyewe. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Misitu yetu inauhitaji, na mapafu ya mama zetu pia. Lakini maana yake ni mitungi ya gesi kwa mamilioni, mingi ikiwa kwenye chumba kimoja cha kupanga chenye kitanda, pazia na jiko. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu ikatoka dirishani, inashuka na kutanda sakafuni, chini ya kitanda, ikisubiri kiberiti. Mpangaji anayepewa mtungi wa hamasa na picha ya kiongozi ubavuni hapewi dakika mbili za kuonyeshwa jinsi ya kupima uvujaji kwa povu la sabuni. Na vituo vya kujazia vinasogea kwenye makazi. Nairobi, eneo la Embakasi, Februari 1, 2024, mlipuko wa kituo cha gesi kilichokuwa kimezungukwa na nyumba za watu uliua watu na kujeruhi mamia. Kati ya Tabata na Temeke kuna vichochoro vingi vinavyofanana na vya eneo lile.

Raia nao hawakosi sehemu yao. Wanaopiga 114 kwa mzaha wanajulikana, laini zimesajiliwa kwa alama za vidole, na hatuoni kwa nini hawafikishwi mahakamani. Machinga wa Kariakoo wana viongozi wao kila mtaa, wenye uwezo wa kuhamisha watu kuliko mgambo. Hao ndio wapewe jukumu la kuhakikisha upana wa gari moja la zimamoto, mita tatu na nusu au nne, unabaki wazi saa 24, ikiwemo usiku ambapo meza zinasukumwa katikati ya barabara na kufunikwa turubai. Wakipewa mafunzo na mitungi, watakuwa wameuwahi moto wa kibanda kabla haujawa moto wa soko. Wanaouza hapo ndio wanaopoteza kila kitu, hawahitaji kushawishiwa.

Kwa DAWASA na zimamoto tunaomba jambo moja linalowezekana wiki hii: wapite pamoja Kongo, Mchikichi, Msimbazi, Nyamwezi, Sikukuu, Swahili, wafungue kila haidranti iliyopo, wapime msukumo, wapake rangi zinazotoa maji na kuziandika zisizotoa. Wakimaliza Kariakoo waende Manzese, Tandika, Mbagala. Orodha waitoe kwenye magazeti. Gazeti hili litaichapa bila malipo, ukurasa mzima ikibidi.

Kwa wizara tunaomba takwimu za aina nyingine. Idadi ya magari yaliyonunuliwa tumeizoea. Tunataka kila mwezi, kwa kila kituo: magari mangapi asubuhi ya leo yamewaka na kusukuma maji, mangapi yako karakana na tangu lini, kompresa ngapi zinajaza mitungi, na inachukua dakika ngapi tangu simu ipokelewe hadi gari litoke getini. Kituo kinachoona aibu kutoa namba hizo ndicho kinachohitaji msaada kwanza.

Bajeti ya Wizara ya Mambo ya Ndani husomwa Dodoma kila mwaka kabla mwaka wa fedha haujaanza Julai, na wabunge wa Dar es Salaam husimama kuchangia. Safari hii wamuulize waziri fungu la matunzo ya magari ya zimamoto ni kiasi gani, linatengwa peke yake au limechanganywa na mafuta na posho za safari, na mwaka jana zilitoka asilimia ngapi ya zilizopitishwa. Wamuulize haidranti ngapi za Kariakoo zinatoa maji. Akijibu kwa kutaja magari mapya yaliyo njiani, washike shilingi.